Naomba ushauri: kuzunguka Mfangano kwa miguu, kupitia kilele cha Kwitutu na michoro ya Kwitone

Binti wa Kondele:
Habari zenu ndugu zangu. Mwezi Agosti, shule zikifungwa, sisi walimu wanne wa hapa Kisumu tunakusudia kwenda Kisiwa cha Mfangano, kilicho katika Ziwa Victoria. Nia yetu ni kutoka Sena, kituo kikuu cha kisiwa hicho, alfajiri, kukwea Kwitutu, kushuka kwenye michoro ya mawe ya Kwitone, kisha kuendelea kupitia vijiji vya mwambao hadi turudi tulikoanzia, yote kwa siku moja. Shangazi yangu mwenye umri wa miaka 61 ameshikilia kwamba lazima aje, kwa kuwa nyanya yake alikuwa Msuba wa kisiwa hicho na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Hutembea kila asubuhi bila shida, ila goti lake la kushoto humsumbua anaposhuka ngazi. Je, mzunguko huo unawezekana kwa siku moja, na ni busara kumpeleka?

Baharia wa Mbita:
Karibu sana, mwalimu. Nitaanza na maji kabla ya mlima, maana ndiyo wengi huyapuuza. Kutoka Kisumu mnaweza kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, au mteremkie Luanda Kotieno mvuke kwa feri. Kutoka Mbita mtapanda boti, na hapo nawasihi mwondoke asubuhi. Jua likishapasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani, na kufikia alasiri mawimbi huwa yameinuka kiasi kwamba hata sisi wenyeji hutazamana. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha na kulifunga. Kulikalia kama mto, jambo nililoliona mara nyingi, hakumsaidii mtu. Boti ikijazwa kupita kiasi, shukeni msubiri nyingine bila kuona haya.

Kwa hiyo msipange kuvuka, kukwea na kurudi Kisumu siku hiyohiyo. Laleni kisiwani usiku mmoja kabla ya mlima na mwingine baada yake.

Nyar Mfangano:
Mimi nimezaliwa huko, na mlima huo nimeupanda tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuni. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba 65 hivi, nacho si tambarare: uso wa ziwa uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele kinapita mita 1,600. Mtu aliyezoea barabara za Kisumu huyaona mazoezi yake kuwa makubwa mpaka akutane na mteremko wa Kwitutu. Njia zenyewe hazina vibao. Zilichongwa na miguu ya watu na mbuzi, na panapogawanyika mara tatu, ile iliyo pana zaidi huenda inaishia zizini kwa mtu. Tafuteni kijana wa pale awaongoze, na malipo myakubali kabla ya kuanza safari.

Kuzunguka kisiwa chote pamoja na kilele kwa siku moja ni kujitesa. Ushauri wangu ni mkwee asubuhi, mshuke hadi Kwitone, kisha mkifika kwenye barabara inayozunguka kisiwa mchukue bodaboda mpaka Sena. Mtakuwa mmekamilisha mzunguko, ingawa si wote kwa miguu, na vijiji mtavipita mkiwa bado na nguvu ya kuamkia watu.

Kuhusu michoro, mapokeo huihusisha na Watwa, waliokuwa wawindaji, miaka mingi kabla mababu zetu hawajafika kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Mtaona miduara ndani ya miduara na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Baadaye palikuwa mahali pa kuombea mvua, na wazee bado wanapaheshimu. Anzieni kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka 2000, mwombe ruhusa huko. Msiguse rangi, wala msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Nimewahi kumwona mgeni akifanya hivyo, na aibu ilinishika mimi niliyemleta.

Mpanda Milima wa Nakuru:
Naafikiana na dada, isipokuwa kuhusu shangazi. Goti linalouma kwenye ngazi litauma zaidi kwenye changarawe, kwa sababu kushuka ndiko kunakolemea goti kuliko kupanda. Mimi niliharibu goti langu nikishuka Menengai kwa haraka, na nilikaa wiki tatu nikichechemea. Asiende kileleni.

Nyar Mfangano:
Kaka, hakuna aliyesema lazima afike kileleni. Mama huyu haendi kutafuta kilele, anakwenda kwa nyanya yake. Apelekwe kwa bodaboda hadi karibu na michoro, apande kipande kile pekee taratibu akiwa na fimbo, na wenzake wamkute hapo wakitoka juu. Sakafu ya pale huteleza, basi awe na mtu wa kumshika mkono.

Mwalimu Mstaafu:
Nyongeza mbili tu. Kila mtu abebe angalau lita tatu za maji, kwa kuwa ya ziwani hayanyweki bila kutibiwa, na kuyakanyaga ufukweni kunaweza kumpa mtu kichocho. Msisahau chandarua, malaria ya mwambao huo haina mchezo.

Binti wa Kondele:
Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kulala Sena usiku wa kwanza na wa pili, na tuanze kukwea saa kumi na mbili asubuhi. Nilimsomea shangazi maneno yenu. Kuhusu kilele alinyamaza, halafu akaniuliza kama huko bado yupo mtu anayezungumza Kisuba, kwa sababu yeye amebakiwa na maamkizi tu.

Nyar Mfangano:
Wengi wetu sasa tunazungumza Kijaluo, lakini wazee wachache wanacho. Mkifika makumbusho, mwambieni mwenyeji wenu jina la ukoo wa nyanya yake kabla hamjauliza lolote kuhusu michoro.