St. Moritz pamoja na baba mkwe: tujiandaeje?

Ndugu zangu, assalamu alaikum, na habari za baridi. Mimi na mume wangu tunaishi Winterthur, Uswisi, na Februari tutatimiza miaka 10 ya ndoa. Mume amependekeza twende St. Moritz, mji wa milimani wa michezo ya theluji, kwa siku 5 pamoja na watoto wetu wawili na baba mkwe, ambaye wakati huo atakuwa ametutembelea kutoka Tanga. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii. Naomba waliokwishafika huko wanieleze kama mahali penyewe panatufaa, na ni gharama zipi humkuta mtu bila kutarajia. Baba mkwe havai suti; kanzu na koti ndiyo mavazi yake ya heshima, nami sitaki mzee wa watu afike kwenye mlango wa ukumbi wa chakula akarudishwa.

Mama wa wawili, Winterthur

*

Dada yangu, waalaikumu salaam, na hongereni kwa miaka 10. Mimi niko Chur, na familia yangu imekwenda Engadin, bonde lenye mji huo, misimu sita ya baridi, mara mbili tukilala katika hoteli kongwe za St. Moritz na mara nyingine katika nyumba za kupanga za vijiji vya jirani. Panawafaa kabisa, nendeni.

Nianze na kanzu, maana ndiyo inayokutia wasiwasi. Hoteli zile zilikua kwa wageni wa Kiingereza waliokuja kiangazi kwa ajili ya hewa na maji ya madini, na husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli ya Kulm, aliwashawishi baadhi yao warudi wakati wa baridi kwa ahadi kwamba wasiporidhika atawarudishia nauli. Desturi za enzi hizo hazijafa. Jioni, katika ukumbi mkuu, mwanamume hutakiwa avae koti, pengine na tai, na mgeni anayekula hapo kila siku hupewa meza moja mpaka siku anayoondoka. Kwa hiyo, kabla hujalipa, iandikie hoteli barua pepe, ueleze kwamba mzee atavaa kanzu, koti na kofia ya viua, kwamba hayo ndiyo mavazi rasmi ya kwao, na uombe wakujibu kwa maandishi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mjomba wangu. Jibu lilikuja siku ya pili, na jioni ya kwanza mhudumu mkuu alimvutia kiti na kumwita kwa jina lake la ukoo, akilitamka sawasawa.

Katika barua hiyohiyo taja na chakula, kwa sababu mambo mengine hayaonekani kwa macho. Fondue, ile jibini ya kuyeyushwa, hupikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi hutiwa pombe kali ya cheri. Supu ya shayiri ya mkoa wetu huu wa Graubünden kwa kawaida ina nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Na Bündnerfleisch, nyama kavu ya huku, ni ya ng'ombe, lakini hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Wapishi wakijulishwa mapema hutayarisha samaki na mboga vizuri sana.

Kuhusu pesa, ukinisikiliza mimi, usibane kwa mwalimu wala kwa viatu. Kiatu cha skii kinachokufaa hukamata mguu wote bila kuuma: ukisimama wima vidole vinagusa ncha, na ukikunja magoti kwenda mbele vinarudi nyuma kidogo. Soksi iwe moja tu kila mguu, nyembamba, inayofika chini ya goti, kwa kuwa mbili hujikunja na kubana damu. Kisha fundi wa duka atawauliza uzito, urefu, umri na uzoefu, atapima soli ya kiatu, na kwa majibu hayo atakaza kifungio kinachoshika kiatu kwenye skii. Semeni kweli tupu. Mwaka wetu wa pili mdogo wangu alisema ameshazoea, ilhali alikuwa ameteleza siku mbili tu maishani mwake. Kifungio kikakazwa kuliko alivyostahili, naye alipoanguka kwenye mteremko mwekundu, yaani wa ugumu wa kati, skii haikuachia. Ule ukelele wake niliusikia kabla sijageuka kumwona, na goti lilichukua miezi mitatu kupona. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo kaeni na mwalimu kwenye uwanja wa wanaoanza, halafu miteremko ya buluu, ile rahisi, na basi.

Bima iangalieni wiki hii. Ninyi mnaoajiriwa Uswisi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, ajali za mapumzikoni ziko ndani ya bima ya kazini; watoto ni lazima wawe na kipengele cha ajali kwenye bima yao ya afya. Anayeachwa nje ni baba mkwe. Bima aliyonunua kwa ajili ya viza ya Schengen ni ya angalau yuro 30,000, lakini nyingi za aina hiyo huondoa michezo ya theluji, kwa hiyo soma masharti yake yote, hata yale ya maandishi madogo. Namba ya helikopta za uokoaji za Rega ni 1414, na ya gari la wagonjwa ni 144. Ziingizeni kwenye simu zote.

Februari shule nyingi zimefunga, tena ndio mwezi wa mbio za farasi juu ya ziwa lililoganda, basi bei hupanda kupita kiasi. Kwa kuwa watoto wanawafunga kwenye tarehe hizo, laleni Samedan au Celerina, kisha usiku mmoja tu, ule wa kumbukumbu ya ndoa, muulipie hoteli kongwe kwa moyo mkunjufu. Na siku moja mzee asiachwe nyuma: pandeni treni ya Albula, ambayo ni ya mwaka 1904, mpaka Preda. Barabara ya kutoka hapo hadi Bergün hufungwa wakati wa baridi ikawa njia ya sleji ya kilomita 6. Watoto watateremka na baba yao, nawe na mzee mtashuka kwa treni ileile mkawangoje kituoni.

Kaka yenu, Chur

*

Naongeza machache kwa sababu mimi ni muuguzi, hapa Innsbruck. Kijiji chenyewe kiko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na wengi hukivumilia bila shida. Lakini kituo cha juu cha mlima Piz Nair, ulio juu ya kijiji, kiko mita 3,000 na ushei, yaani juu kuliko kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, na gari la kebo humfikisha mtu huko kwa muda mfupi mno. Kama mzee ana presha au ugonjwa wa moyo, daktari aulizwe kwanza. Halafu, wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haihitaji losheni ya jua. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na huipiga mtu chini ya kidevu na puani. Pakeni wote, na miwani mzee asiivue hata akiwa amekaa barazani anakunywa chai.

*

Kaka na dada, Mungu awabariki. Nimeshaiandikia hoteli, na bima ya baba nimeisoma: michezo ya theluji imeondolewa kweli, basi leo mchana nitawapigia simu waongeze. Yeye mwenyewe nimempigia Tanga. Ameuliza jambo moja tu, ni koti gani abebe.