Viza ya kumfuata mume Ujerumani: nianzie wapi?

Assalamu alaykum jamaa,

Naandika kutoka Chake Chake. Tumeoana mwaka jana, mume wangu yuko Hamburg, anafanya kazi ya ghala na ana kibali cha ukaazi. Sasa tunataka nimfuate. Ubalozi uko Dar, na safari ya Dar kutoka Pemba munaijua wenyewe: boti ya Mkoani hadi Unguja, boti nyengine hadi Dar, kisha kulala kwa watu. Sitaki kufika dirishani nikaambiwa karatasi moja haifai. Hapa kila mtu ana lake. Mmoja kanambia nende RITA, ile ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, mwengine kasema nisome Kijerumani kwanza. Nianzie wapi? Na nikishapata viza ndiyo nimepata ukaazi, au bado?

* * *

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Hongera kwa ndoa. Naanza na swali lako la mwisho: bado. Ile viza ya muda mrefu inayobandikwa kwenye paspoti inakuingiza nchini tu. Ukaazi unauomba ukishafika, kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi mumeo, wenyewe wanaiita Ausländerbehörde. Wako watu hufika, wakapumzika, wakaalikwa chakula huku na huku, wanakuja kushtuka viza imebakisha wiki.

RITA usende. Hiyo ni ya Bara. Usajili wa vizazi na ndoa si jambo la Muungano, kwa hiyo cheti chako cha kuzaliwa kinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Paspoti ndiyo ya Muungano, hiyo ni Uhamiaji.

Sasa kabla ya ubalozi, kabla hata ya Kijerumani, fanya kazi moja nyumbani. Toa karatasi zako zote: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha ndoa cha Kadhi, paspoti, vyeti vya skuli. Zitandaze mkekani, kisha soma jina lako, la baba na la babu herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Utashangaa. Karani mmoja kaandika Khamis, mwengine Hamisi. Huku Abdalla, kule Abdallah. Fatma kageuzwa Fatuma. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja, wala hakuna anayeuliza. Afisa wa Kijerumani anaona watu wawili. Na juu ya hilo, jina letu la mwisho ni la babu. Yeye anatafuta la ukoo. Mume ana lake, mke ana lake, mtoto akizaliwa anabeba la babu yake upande wa baba. Hilo anaweza kuelezwa akaelewa, lakini si pale ambapo herufi zenyewe zinagombana.

Mtu atakwambia kula kiapo tu kwa wakili kwamba majina yote ni yako. Kiapo kinasaidia, ila mimi nakushauri urekebishe hati yenyewe maadamu uko nyumbani na wazee wako hai wa kukushuhudia. Ukiwa Hamburg, kumtuma ndugu afuatilie marekebisho Pemba ni kumtafutia ugomvi.

Hati za Kiswahili zitahitaji tafsiri. Kabla hujalipa mtu yeyote, soma orodha ya ubalozi ujue wanamkubali mtafsiri gani na mihuri gani wanaitaka. Orodha hiyo iko kwenye tovuti yao, na ndiyo ya kuamini kuliko maneno ya barazani, na yangu pamoja.

Kijerumani: kwa kazi aliyonayo mumeo, hesabu kwamba utatakiwa cheti cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha. Wanaosamehewa ni kama wake wa wataalamu wenye vibali vya kazi za ujuzi au Kadi ya Buluu, kibali cha Ulaya cha wasomi wenye kazi za juu. A1 si ya kuogopa. Kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, mambo ya kujitambulisha na kuuliza bei. Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, ipo Dar. Wengi hujisomea nyumbani kwa simu wakenda Dar kwa mtihani.

Ukishawasilisha, faili lako halikai Dar. Linapelekwa ofisi ya wageni ya Hamburg watoe idhini, na huko ndiko hulala. Kwa hiyo mumeo asikae akikupigia simu kukuuliza ubalozi umesema nini. Wa kufuatilia ni yeye. Awe na mkataba wa kazi, hati za mshahara na mkataba wa nyumba, na nyumba yenyewe iwatoshe. Chumba cha kushirikiana na vijana watatu kitawatia mashakani.

Ukifika, ndani ya wiki mbili za kuhamia nyumbani ujiandikishe kwenye ofisi ya wakaazi, na fomu ya mwenye nyumba mkononi. Kisha omba kibali kabla viza haijesha. Ukiomba kwa wakati, unabaki kihalali hata kadi ya ukaazi ikichelewa, nao wanakupa karatasi ya kuonesha hivyo. Kadi ikitoka inakuruhusu kufanya kazi, na bima ya afya ya mumeo, ikiwa ni ya umma, inakuchukua bila malipo ya ziada maadamu huna kipato chako.

Dada yako, Bremen

* * *

Salaam nyote,

Dada wa Bremen hakugusa ndoa ya wakala, na watu wetu wengi huoa hivyo, bwana yuko Ulaya na nikaha inasomwa Wete. Kidini haina tatizo. Lakini hapa Uswidi, tangu 2014, ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe haitambuliwi kama mmoja wao alikuwa raia au mkaazi wa huku, ila kwa sababu nzito sana. Uingereza nao wanataka muwe mmeshaonana ana kwa ana, na anayemwita mwenzake awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mpaka Aprili 2024 ilikuwa 18,600. Vijana wanaotaka kuoa, kateni tiketi murudi nyumbani mukae mbele ya Kadhi. Na picha mupige.

Kaka wa Malmö

* * *

Ahsanteni sana. Mume wangu alikuwepo mwenyewe, alhamdulillahi. Nimezitandaza karatasi kama ulivyosema dada. Paspoti, kitambulisho na cheti cha ndoa vyote Khamis. Cheti cha kuzaliwa peke yake ndicho Hamisi. Nibadilishe paspoti?

* * *

Hapana, paspoti iwache. Badilisha kile kimoja kilicho mbali na wenzake. Anza kwa sheha wako akupe barua, chukua na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha baba yako kama kipo, wende ofisi ya usajili hapo hapo Pemba. Miadi ya ubalozi usiiombe mpaka cheti kipya kiwe mkononi.