Friji gadi, stabilaiza au friji la inveta: kipi kinafaa umeme ukipungua jioni?

UmmuSalha (Wete)

Assalaam alaykum nyote. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Friji letu ni la milango miwili, la kawaida lisilo inveta, na liko jiko la uani. Kila ikifika magharibi taa zinafifia, friji linaunguruma kidogo, linasema "tak", linanyamaza. Baada ya muda linajaribu tena, "tak" tena. Mchana linapoa vizuri tu. Ndani mna samaki, mna barafu za ubuyu wanazouza wanangu, na kubwa kuliko yote mna insulini ya mama mkwe, ndiyo inayonikosesha usingizi. Dukani nimeambiwa nichague: ninunue friji gadi, ninunue stabilaiza, au niliuze hili nichukue la inveta. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Nyie mnatumia nini?

Bondeni77 (Mwanakwerekwe)

Alaykum salaam dada. Nunua gadi, usihangaike. Mtaani kwetu umeme hukatika, ukarudi papo hapo, ukakatika tena. Gadi likiona hivyo linafunga, linasubiri kama dakika tatu, ndipo linalifungulia friji. Majirani wameshabadilisha kompresa, ile mota ya friji inayosukuma gesi, mie bado ninayo ile iliyokuja na friji. Bei ya gadi ukiiweka na bei ya kompresa ni kitu kidogo mno.

Ngalawa (Nungwi)

Bondeni, kwenu unakatika. Kwake haukatiki, unapungua, na hayo ni mambo mbalimbali. Mie nilikuwa na gadi, likawa linazima friji tangu magharibi mpaka watu walale, kwa sababu ndiyo kazi yake: volti zikishuka chini ya 185 hivi, linakata. Friji limesalimika lakini samaki wameharibika. Sasa natumia stabilaiza ya ukubwa wa VA 2000, yenyewe inapandisha volti zilizoshuka, na friji linakwenda usiku kucha. Ila iangikwe ukutani ipate hewa, isiwekwe sakafuni. Huku pwani kitu kikikaa chini kinaota kutu upesi.

FundiBaridi (Chake Chake)

Ngalawa kasema kweli, lakini hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa urefu.

Huo mlio wa "tak" ni ovalodi, kidude kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa. Mota ikishindwa kuzunguka inavuta umeme mwingi, inapata moto, ovalodi inakata ili isiungue. Ikipoa inaunganisha, mota inajaribu tena. Mota hushindwa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni gesi. Friji likizimika, upande mmoja wa mabomba unabaki na presha kubwa na upande wa pili presha ndogo, na huchukua dakika chache mpaka zilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, kompresa inatakiwa ianze huku inasukumana na presha, haiwezi. Ndiyo maana gadi linasubiri.

Sababu ya pili ni volti zenyewe. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 160 mtu anaona umepungua chini ya theluthi, atasema si sana. Lakini nguvu ya mota kuanza kuzunguka haipungui kwa kiasi hicho hicho. Inabaki chini ya nusu. Taa itawaka kwa kufifia, feni itazunguka polepole, ila kompresa itasimama pale pale ikijichoma.

Sasa, gadi hukata na kuunganisha, basi. Haliongezi hata volti moja. Stabilaiza inaongeza, lakini na yenyewe haizalishi umeme. Ikipandisha 160 kuwa 230, inavuta ampea karibu mara moja na nusu kwenye waya unaoilisha. Kama upungufu unatoka nje, kwenye laini, hakuna tatizo. Kama unatokea ndani mwako, kwa waya mwembamba au kiungio kibovu, stabilaiza itazidi kuuchosha waya ule ule uliokwisha choka. Nimekuta viungio vilivyoyeyuka juu ya dari kwa sababu hiyo, na moto wa nyumba huanzia hapo.

Kwa hiyo Bi Ummu Salha, usiende dukani kwanza. Pima. Apime fundi wa umeme, jioni taa zinapofifia, si mchana. Apime pahala pawili: kwenye meni swichi umeme unapoingia, kisha kwenye soketi ya friji huku kila kinachowashwa jioni kikiwa kimewashwa. Namba hizo mbili ndizo zitakazochagua.

Baraza (Mji Mkongwe)

Nasubiri hizo namba na mie. Kuhusu inveta nitasema ninayoyajua, maana ninalo. Kompresa yake huanza polepole, haina ule mvuto mkubwa wa kuanzia, na mengi yameandikwa kwenye kibandiko cha nyuma kiwango cha volti yanachovumilia, kisomeni kabla ya kulipa. Linatumia umeme kidogo, ukiweka yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, unaona zinakaa. Lakini kinachoendesha yote hayo ni bodi ya elektroniki iliyomo ndani ya friji. Bodi ikipigwa na umeme uliorudi kwa nguvu, au ikiliwa na hewa ya chumvi, au mjusi akiingia akafia juu yake, bei yake inauma na mafundi wake si wengi. Nimelifungia gadi vilevile. Lako kama mchana linapoa vizuri, sioni kwa nini uliuze.

Ngalawa (Nungwi)

Fundi, na jenereta? Tangu Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, huku kila mwenye uwezo alinunua.

FundiBaridi (Chake Chake)

Jenereta ndogo inaweza kuwa na volti 230 ikiwa na taa tu, zikaanguka kompresa inapoanza. Washa jenereta kwanza ikae sawa, chomeka friji peke yake, halafu vitu vingine. Gadi libakie hapo hapo.

UmmuSalha (Wete)

Ahsanteni sana. Fundi alikuja baada ya magharibi. Kwenye meni swichi alipata volti 214. Kwenye soketi ya friji, pampu ya kisima na pasi zikiwa zimewashwa, alipata 176. Tulipozima vyote viwili ikapanda 205. Kumbe waya wa jiko la uani ulichukuliwa kwenye taa za ukumbini wakati jiko linajengwa, na umeungwa mara mbili njiani. Kiungio kimoja kimegeuka rangi, kahawia, na kinanuka.

FundiBaridi (Chake Chake)

Alhamdulillah mmekiona mapema. Msitumie pampu na pasi kwenye waya huo tena, hata usiku wa leo. Umeme unaokufikia ni mzuri, unapotelea ndani ya nyumba. Stabilaiza ungeinunua ingevuta zaidi kupitia kiungio hicho hicho kilichoungua.

Fanya hivi. Vutisha waya mpya kutoka kwenye bodi ya swichi moja kwa moja hadi jikoni, wa milimita 2.5, bila kiungio njiani, na uwe na breka yake. Waya wa taa ni milimita 1.5, haukuwekewa mzigo wa jiko. Pampu nayo ipate njia yake peke yake. Na waya wa ardhi usiachwe: sakafu ya jiko la uani ina maji, friji ni bati, watoto wanafungua na miguu mitupu. Mtu akikwambia waya wa ardhi si lazima, mwambie aondoke.

Baada ya hapo gadi linakutosha. Ukilinunua jaribu pale pale dukani, lichomeke na taa: likiwasha taa papo hapo bila kusubiri, lirudishe. Na plagi ya gadi ni ya friji peke yake, pasi na birika visichomekwe hapo.

Bondeni77 (Mwanakwerekwe)

Hapo nimejifunza. Naenda kupima kwangu pia.

Muuguzi_Mkoani

Nizungumzie insulini, maana watu wamezungumza kompresa wakaisahau. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzijoto 2 hadi 8. Kuganda ni kubaya sawasawa na kupata joto: ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi, itupwe. Kwa hiyo isikae karibu na sehemu ya barafu wala kugusa ukuta wa nyuma wa friji. Iweke rafu ya katikati ndani ya kikopo chenye mfuniko. Nunua kipimajoto kidogo cha friji ukiweke pembeni yake, usitegemee mkono wako. Inayotumika sasa hivi huweza kukaa nje ya friji kwa muda, aghalabu wiki nne, lakini soma karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa sababu kiwango cha joto kilichoandikwa humo nyumba zetu hukipita mchana wa kaskazi. Mpaka waya ubadilishwe, kama kuna jirani mwenye friji linalotulia, muombe akuwekee ile ambayo haijafunguliwa. Mzee akiona sukari inapanda bila sababu, dawa hiyo ishukiwe, na aende kituoni.

KijakaziWaBububu

Na mpira wa mlango, shoga! Wewe unauza barafu, mlango unafunguliwa kutwa. Funga mlango na noti katikati, uivute. Ikitoka bila kushika, mpira umelegea na hewa ya nje inaingia na unyevu wake wote. Mara nyingi si wa kubadilisha, ni mchafu tu, una shira na ubuyu umekauka. Upangushe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kunjo zote. Wangu ulirudi kushika baada ya kuusafisha.

FundiBaridi (Chake Chake)

Kweli kabisa. Na barafu ikijaa isichokolewe kwa kisu. Hiyo ndiyo kazi ninayoletewa kuliko zote: kisu kimetoboa bomba, gesi imetoka, friji zima linakuwa kabati. Lizime, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani, barafu itayeyuka yenyewe. Mafriji mengi ya sasa yana gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Ukitoboa na kusikia "psss", chomoa umeme ikiwa plagi iko mbali na hapo, fungua madirisha, na asiwashe mtu kiberiti wala jiko.

Nyuma acha nafasi ya mkono mmoja kupita kati ya friji na ukuta, na zile nyavu nyeusi zifagiliwe vumbi kwa brashi laini, friji likiwa limechomolewa. Zikianza kutu, safisha kwa kitambaa kibichi, kausha, pakaza rangi nyepesi. Chumvi ya hewa hula bomba la chuma polepole mpaka litoboke.

UmmuSalha (Wete)

Mungu awalipe kheri. Insulini iko kwa jirani tangu jana. Waya unakuja kuvutwa, gadi baada yake, stabilaiza nimeiacha. Swali la mwisho fundi: "tak tak" hizi za muda wote, kompresa yenyewe itakuwa imeshaharibika?

FundiBaridi (Chake Chake)

Huenda ikawa haijaguswa. Waya ukishakuwa tayari, lipumzishe friji dakika kumi, liwashe, sikiliza. Likianza na kuendelea kuunguruma bila kukata, basi ni zima. Likisema "tak" ilhali soketi ina volti zaidi ya 200, mwambie fundi abadilishe kwanza rilei, ile inayoisaidia mota kuanza, na ovalodi, ni vidude vya bei ndogo na hubandikwa kwa nje tu. Rilei ikitikiswa ikalia ndani kama ina vipande vilivyovunjika, imekufa. Akiruka moja kwa moja kwenye kompresa bila kujaribu hivyo, mwambie asubiri, halafu nipigie picha ya rilei uiweke hapa.