Mama ana sukari, kapewa karatasi ya makrobiotiki. Kweli aache dagaa?

BintiMagu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Magu, huu mwaka wa sita anaumwa sukari. Mwezi uliopita mpwa wangu karudi kutoka masomoni nje na karatasi ya mlo unaoitwa makrobiotiki: nusu ya sahani iwe nafaka isiyokobolewa, halafu mboga, maharage kidogo, supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa) na mwani. Nyanya, bilinganya, viazi mviringo, maziwa na maembe aache, samaki mara mojamoja. Kila tonge atafune mara 50.

Jumapili nimemkuta anakula wali mtupu wa mchele usiokobolewa. Dagaa wako kwenye ungo, hajawagusa. Miso yenyewe imeagizwa Dar kwa hela ambayo pale sokoni Mwaloni, Mwanza, ningepata sado mbili za dagaa. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba anataka kuacha na vidonge, eti chakula ndiyo dawa. Sitaki kumvunja moyo, maana tangu aipate hiyo karatasi soda kaacha kabisa. Huu mlo asili yake nini, na nimwambieje?

MzeeKirumba:
Marahaba mwanangu, na pole. Mlo huo naufahamu, mimi mwenyewe naufuata kwa namna yangu mwaka wa nne sasa.

Aliyeueneza ni Mjapani George Ohsawa (1893–1966), akijenga juu ya mafundisho ya daktari wa jeshi la Japani, Sagen Ishizuka. Wanasema kila kitu kina pande mbili, yin na yang. Sukari na pombe huvuta upande wa yin, nyama na chumvi upande wa yang, nafaka nzima iko katikati, ndiyo maana inatawala sahani. Baadaye Michio Kushi akaufundisha sana Marekani, mjini Boston.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kanuni yao kubwa ni kula kitu kizima, cha mahali ulipo, cha msimu wake. Boston kunaanguka theluji, embe kule ni mgeni aliyekuja kwa meli. Magu embe liko uani! (Kwa mgonjwa wa sukari awe na kiasi, lakini hilo ni suala jingine.) Mwani unatoka baharini, ziwa letu Victoria ni la maji baridi. Mama akila ugali wa mtama, nsansa ya kunde (majani yaliyokaushwa) iliyoungwa karanga na maharage, hiyo kanuni kaishika kuliko anayengoja pakiti kutoka Dar. Na dagaa analiwa na kichwa, mifupa na mkia. Kitu kizima zaidi ya hicho kipi? Nyanya mimi sikuziacha.

NesiZamuZaUsiku:
Dada, vidonge asiguse bila daktari wake. Hilo kwanza.

Nafaka nzima ni nzuri kuliko sembe, lakini bado ni wanga na inapandisha sukari, kwa hiyo nusu sahani kwake ni nyingi. Miso ina chumvi nyingi, kama ana presha iache. Ohsawa alikuwa na ngazi ya kula nafaka peke yake, na Marekani watu waliumia kwa kuifuata, hadi mwaka 1971 madaktari wa huko wakatoa onyo. Wali mtupu uliomkuta nao ndiyo njia ileile. Na kama vidonge vyake vya sukari ni metformin, vitamini B12 huweza kupungua mwilini, na mbogani hatoipata. Dagaa wanayo. Warudishe.

BintiMagu:
Mzee ahsante, dada nesi Mungu akubariki. Jana nimerudi Magu. Nimesonga ugali wa mtama, tonge dogo, mlenda mwingi, dagaa nimewachambua mchanga na kuwachemsha kwa nyanya na limao. Nikamsomea mama maneno ya mzee kuhusu embe la uani. Alinyamaza kwanza, akatazama nje mlangoni, kisha akanawa. Kutafuna mara 50 hajaacha, tulihesabu pamoja. Alipofika 30 akasema mtama una utamu, miaka yote alikuwa anaumeza tu. Dagaa kala na vichwa. Vidonge kanywa nikiwa nimekaa naye, na karatasi tumeikunja ndani ya daftari lake la kliniki. Jumanne tunakwenda wote akamwonyeshe daktari.