Wakuu, naomba ushauri: tuwavuteje wanachuo wa Moshi waje kwenye programu huria?

Mwanachuo_Rau
Habari za jioni wanajukwaa. Tuna kikundi kidogo cha kompyuta chuoni kwetu hapa Moshi. Tunataka wanafunzi waachane na programu za kukraki, wahamie Linux, mfumo endeshi wa bure, na programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi. Jumamosi hii tuna siku ya kupiga Linux, kila mtu aje na laptopu yake. Ukumbi upo. Shida ni mwitikio: mwaka wa tatu wanaogopa, mwaka wa kwanza wanasema hayo ni mambo ya watu wa IT. Tuwaambie nini wakubali? Naomba nisiambiwe nisubiri mwakani, tangazo limeshabandikwa.

Fundi_Terminali
Mkuu, msianze na Linux. Anzeni na programu zinazokaa juu ya Windows waliyonayo. Mwanachuo hana shida na mfumo endeshi, ana shida na ripoti ya field na utafiti wake. Chukua diski ya nje, jaza vifurushi vya Windows vya LibreOffice (kazi za ofisi), Zotero (marejeo), VLC (video), QGIS (ramani), R na jamovi (takwimu). LibreOffice peke yake inakaribia MB 350. Ukimwambia mtu apakue kwa bando lake, umeshampoteza.

Cha kuwaonyesha kwanza ni Zotero. Fungua makala kwenye kivinjari, bofya kitufe chake pale juu, marejeo yanaingia yenyewe. Nenda kwenye Writer ya LibreOffice au Word, chagua mtindo wa marejeo wa APA, orodha inajipanga. Msimamizi akitaka mtindo mwingine, unabadilisha mara moja na orodha nzima inafuata. Anayepanga marejeo kwa mkono akiona hivyo hahitaji hotuba.

Binti_Majengo
Mimi naona hili ni suala la maadili kwanza. Tunafundishwa uadilifu darasani, halafu kazi zote tunaandika kwa programu za wizi. Na vile vifaa vya kuamshia programu vinakuambia uzime antivirasi kwanza. Umemfungulia mlango mgeni usiyemjua, kisha unashangaa faili zimegeuka njia za mkato. Waambieni hilo kabla ya yote.

Kaka_Kiboriloni
Watu wanasahau kwamba hii safari si ya leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hakuna aliyehitaji kumsubiri mwenye kampuni. Ningekuwa mimi ningeanza na historia hiyo.

Fundi_Terminali
Historia ni nzuri, ila Jumamosi ni kesho kutwa. Mwenye uzi, hiyo Jumamosi mnaifuta Windows au mnaiacha, Linux ikae pembeni?

Mwanachuo_Rau
Itategemea na mashine, mkuu. Ila swali langu lilikuwa namna ya kuhamasisha.

Fundi_Terminali
Haiwezi kutegemea na mashine wakati tangazo limeshatoka. Tangazo linasemaje?

Mwanachuo_Rau
Sawa. Linasema "Njoo na Windows, ondoka na Linux". Tunafuta yote. Waliojiandikisha wameshatoa 5,000 kila mmoja ya flashi na maji. Nimelifikiria sana hili: ukimwachia mtu zote mbili, Jumatatu karudi Windows na hagusi tena Linux. Akikosa pa kurudi, atajifunza.

Binti_Majengo
Kumbe mnatoza! Kitu cha bure mnakiuza?

Fundi_Terminali
Dada, hapo hapana kosa. Leseni ya GPL, ile ya Linux, inaruhusu kunakili, kugawa, na hata kutoza kwa kazi ya kugawa. Wakinakiliana hizo flashi hosteli nzima ni halali kabisa, na hilo ndilo jambo la kuwaambia.

Kosa ni kufuta. Mwaka wa tatu sasa hivi wana data kwenye SPSS, programu ya takwimu, na SPSS yao ni ya Windows. PSPP, mbadala wake huria, inafungua faili la SPSS la .sav na inafanya jedwali za marudio, t-test, ANOVA, regresheni na alfa ya Cronbach. Lakini mwonekano wa matokeo ni tofauti, na msimamizi anaweza kuyakataa. Mtu akipoteza data ya hojaji kwa ajili yenu, chuo kizima kitaichukia Linux.

Simba_wa_Pasua
Wakuu hii ni chai. Watu wametoa hela wafutiwe kompyuta na hakuna hata mmoja aliyeuliza faili zake zitaenda wapi? Huyu ni muuza flashi, kesho atatuletea namba ya simu. Mods fungeni uzi.

Kaka_Kiboriloni
Hata mimi nimeanza kuwa na wasiwasi. Kikundi gani hicho hakina jina?

Mwanachuo_Rau
Jina la chuo siliweki humu. Na si chai. Laptopu moja tulishaijaribu jana, Windows 11, ya mtu wa mwaka wa tatu. Flashi ya Linux tuliyoiandaa kwa programu ya Ventoy ilikataliwa, tukaingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, tukazima Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyosainiwa kuwaka. Ilipowaka Windows ikaleta skrini ya bluu inadai namba ya tarakimu 48. Linux hatujaweka bado. Mwenyewe hajui hiyo namba ni nini.

Fundi_Terminali
Simba, hilo halitungwi. Hiyo ni BitLocker, kifungio cha diski cha Windows. Windows 11 nyingi husimba diski zenyewe, yaani huifunga kwa ufunguo, mwenye mashine akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Mkizima Secure Boot, TPM, chipu inayotunza ufunguo huo, inaona mazingira yamebadilika na inakataa kutoa ufunguo.

Rudini BIOS, washeni Secure Boot kama ilivyokuwa. Mara nyingi Windows itawaka bila kudai kitu. Ikigoma, mwenyewe aingie kwa simu account.microsoft.com/devices/recoverykey, namba ipo humo. Msibofye kufuta chochote hadi ifunguke.

Jumamosi, kabla ya kugusa BIOS, andikeni manage-bde -status kwenye CMD, dirisha la amri la Windows, mkiifungua kwa Run as administrator. Ikiwa imesimbwa, zimeni usimbaji kwenye Settings na msubiri umalizike. Kisha andikeni humo humo powercfg /h off kuzima usingizi wa Windows, la sivyo Linux itaiona diski ya Windows kama iliyolala na haitaiandikia. Nafasi ya Windows ipunguzeni kwa Disk Management, GB 50 za Linux zinatosha kuanzia. Mint na Ubuntu, matoleo ya Linux, zimesainiwa, zikiandikwa kwenye flashi kwa programu ya Rufus zinawaka Secure Boot ikiwa hai. Kwa Ventoy lazima kwanza ufunguo wake usajiliwe kwenye mashine. WiFi isipoonekana, unganisheni simu kwa waya wa USB. Na Windows ikionyesha saa 3 nyuma, kwenye Linux andikeni timedatectl set-local-rtc 1.

Simba_wa_Pasua
Nimekuelewa. Nafuta kauli ya chai.

Mwanachuo_Rau
Imewaka wakuu! Tumewasha Secure Boot tu. Basi mwaka wa tatu tutawawekea zote mbili, na Zotero kwanza. Ila mwaka wa kwanza nabaki na msimamo wangu, hawana cha kupoteza.

Binti_Majengo
Wana picha za nyumbani na vyeti walivyoskani vya mkopo.

Fundi_Terminali
Hata hao, mwenye mashine akae kwenye kiti mwenyewe. Fungueni naye Desktop, Documents, Downloads na Pictures, nakilini kwenye diski ya nje, mfungue faili mojamoja kuhakiki. Awashe Linux kutoka kwenye flashi, ajaribu WiFi, sauti na projekta. Akiridhika, kitufe cha kufuta abofye yeye, si nyinyi.