Naomba ushauri: mtoto anaukalia mkono darasani

Mwanajahazi: Habari za jioni. Nina mtoto wa miaka mitano, yuko PP2, chekechea mwaka wa pili, hapa Lamu. Kumhamisha katikati ya muhula kuna ubaya? Juzi nimeshinda darasani kwao, nimekaa nyuma kwenye jamvi. Asubuhi walikwenda dirishani kutazama hali ya hewa, wakabandika jua kwenye chati. Wakahesabu vizibo vya soda mpaka ishirini, wangu akamaliza wa kwanza. Uji ukaja, wakaimba. Ilipofika zamu ya kuchora akamwanza punda kwa mkono wa kushoto, masikio na shogi mgongoni. Mwalimu akapita, hakusema neno, akaitoa penseli akaitia mkono wa kulia. Mtoto akauingiza ule wa kushoto chini ya paja, akaukalia. Mpaka kengele hajaongeza hata mstari. Siku hizi hata usiku analala kaulalia.

Kasa_Mzee: Kaka, tatizo si mkono, ni huu mtaala wa CBC. Tangu 2019 mimi ndiye mwanafunzi. Vizibo, maboksi, sasa wanataka manyoya ya kuku. Kuku mwenyewe sina.

Fundi_Matondoni: Mimi chuo cha Kurani nilifungwa mkono kwa leso. Hati yangu ya kulia mpaka leo kama nyayo za kaa, lakini tezo naishika kushoto na hakuna aliyerudisha mashua kwa sababu hiyo. Marehemu babangu alikuwa akisema nampasulia mbao shetani. Halafu zikija kazi za ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa mashua, pale mkono wa kulia haufiki, ananiita mimi!

AbuSwabri: Kulia ni sunna. Udongo uwahi ungali maji, kaka. Usimwonee huruma ya kumharibu.

Mwl_Malindi: Kula kwa kulia ni adabu, na wangu nawafundisha. Penseli si chakula. Niko chekechea miaka kumi na miwili. Mtoto wa kushoto umweke ukingo wa kushoto wa meza asigongane viwiko na mwenzake, karatasi uilaze mshazari, ukingo wake wa juu uelekee kulia, na penseli aishike juu kidogo aone anachoandika. Mkasi ndio shida, ule wa kawaida humfichia mstari. Umezungumza na mwalimu wake?

Mwanajahazi: Si rahisi.

Mwl_Malindi: Kwa nini?

Mwanajahazi: Basi tu.

Mwl_Malindi: Umekaa naye darasa zima siku nzima, ukashindwa kumwuliza neno moja?

Mwanajahazi: Ni mavyaa wangu. Haya, nimesema. Nyumbani akishika kijiko kushoto anaambiwa mkono huo wa choo, akienda shule ni yule yule. Mimi niende kumfundisha kazi aliyoianza sijazaliwa? Na sare ya Malindi nishanunua, mamangu kashanipatia nafasi huko, tiketi ya basi la Jumamosi kutoka Mokowe ninayo. Nimeuliza kama kuna ubaya, sijaomba kuhukumiwa.

Chongoe: Ngojeni kwanza. Mavyaa, mama wa mume? Huyu mwezi wa pili alikuwa anauza mashine ya mashua hapa hapa, picha ina ndevu mpaka kifuani. Mwanamume kapata mavyaa lini? Hadithi hadithi!

Kasa_Mzee: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!

Fundi_Matondoni: Na mimi nimemwaga siri ya leso yangu kwa mtu wa kubuni.

Mwanajahazi: Akaunti ni ya mume wangu. Simu hii ameniachia, yuko Kiunga anavua kamba, atarudi Jumapili. Mlianza kuniita kaka, nikaona nisiwakatize.

Mwl_Malindi: Jumapili. Na basi ni Jumamosi.

Mwanajahazi: Nitamweleza akifika.

AbuSwabri: Dada, hapo sasa mkono wa mtoto umekuwa kisingizio.

Mwanajahazi: Wewe ulisema nisimwonee huruma, leo unamwonea babake?

Mwl_Malindi: Achana nao. Karatasi umejaribu?

Mwanajahazi: Sasa hivi, juu ya sinia, nimeilaza ulivyosema. Kwanza alitazama mlangoni. Halafu akautoa mkono. Punda amemaliza, amemtia na mkia, mrefu kupita punda mwenyewe. Lakini nauli hairudishwi.

Chongoe: Samahani, dada. Ile mashine bado ipo?

Mwanajahazi: Ipo. Muulize mwenyewe Jumapili.