Naomba ushauri: gharama zilizo nusu kudumu, nusu kubadilika mnazigawaje?

Wakuu, habari zenu. Kodi ya pango na bima hazinisumbui: uzalishe bidhaa 1 au 1,000, kiasi ni kilekile, kwa hiyo ni gharama za kudumu. Malighafi na vifungashio hupanda na uzalishaji, kwa hiyo ni gharama za kubadilika. Kichwa kinaniuma kwenye umeme, simu na mshahara wenye malipo ya ziada.

Kwa sasa nachukua mwezi wa uzalishaji mkubwa na mdogo. Mfano: bidhaa 1,000, umeme 260,000, bidhaa 400, umeme 140,000. Tofauti 120,000 ÷ 600 = 200 kwa kila bidhaa. Kisha 260,000 − (200 × 1,000) = 60,000, hiyo ndiyo sehemu ya kudumu. Shida ni kwamba miezi miwili tu ndiyo inaamua kila kitu. Mmoja ukiwa na hitilafu ya mashine, jibu lote linapinda.

Na kosa si dogo. Gharama za kudumu zikiwa 900,000 (pamoja na ile 60,000 ya umeme), bei 1,500 na gharama ya kubadilika 900 kwa bidhaa, unahitaji kuuza bidhaa 1,500 ili usipate hasara. Ukisahau ile 60,000, hesabu itakudanganya kwamba 1,400 zinatosha.

Je, nitumie wastani wa miezi 12? Na kwa bajeti ya nyumbani, ada na bima za mara moja kwa mwaka mnazigawa kwa 12 na kuzitenga kila mwezi, au mnasubiri zifike? Marejesho ya mkopo je: riba pekee ndiyo gharama, lakini fedha inayotoka ni yote.